Juu ya Picha ya Daraja la Mto Kwai

Wasomaji kadha wa kadha wameuliza kama picha ya sinema iitwayo The Bridge on the River Kwai ni habari ya kweli au ni hadithi ya kubuni. Jibu lake si refu. Reli ilikuwako, daraja lilikuwako na hata leo lingaliko, mateka walikuwako na maelfu yao walikufa. Lakini mambo wanayoyatenda watu wa picha hiyo hayakutendeka. Ningeweza kuishia hapo. Walakini hadithi ya kubuni si uongo, na wengi wetu tulijifunza mengi katika ngano za bibi zetu kabla hatujashika kitabu. Swali lililo kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni hili: je, picha hii yatuzoeza kuitazama kazi ya shuruti kwa jicho gani? Maana ni picha nzuri sana, nayo picha nzuri hukaa katika kichwa cha mtu muda mrefu kuliko somo la darasani.

Ilitolewa mwaka 1957. Aliyeiongoza ni David Lean, Mwingereza, nayo ilipata tuzo saba za Oscar, moja yake ikiwa ya Alec Guinness, aliyecheza kama Kanali Nicholson. Imetoka katika kitabu cha Mfaransa, Pierre Boulle, kilichopigwa chapa mwaka 1952. Wawili walioyaandika maneno ya picha, Michael Wilson na Carl Foreman, hawakutajwa majina, kwa kuwa siku zile walikuwa wametengwa Hollywood kwa sababu ya siasa zao. Tuzo ya uandishi akapewa Boulle peke yake, na heshima yao ikarudishwa mwaka 1984, wote wawili wakiwa wamekwisha kufariki. Nalitaja neno hili kwa sababu picha yenyewe yasema juu ya kazi, na juu ya nani huandikwa jina lake penye kazi.

Kisa ni hiki, kwa ajili ya wale wasioiona. Kikosi cha Waingereza kilichotekwa Singapore mwaka 1942 kinaletwa kambini katika misitu ya Siam, ndiyo Thailand ya leo, mahali Wajapani wanapojenga reli ya kwenda Burma. Mkuu wa kambi, Kanali Saito, anatoa amri kwamba mateka wote watajenga daraja, maafisa pamoja na askari wa kawaida. Mkuu wa mateka, Kanali Nicholson, anakataa. Anatoa kijitabu cha Mapatano ya Geneva na kuonyesha kifungu kinachokataza maafisa kutiwa katika kazi za mikono. Saito ampiga usoni kwa kijitabu kile kile. Nicholson anafungiwa katika kibanda cha mabati juani, karibu na kufa, wala hakubali. Mwishowe Saito ndiye ashindwaye, kwa kuwa daraja haliendi na siku zinakwisha. Amtoa Nicholson, na maafisa wanasamehewa kazi.

Hapo ndipo mambo yanapogeuka. Nicholson anakwenda kutazama kazi, aona askari wake wanafanya ovyo na kuharibu kwa makusudi. Badala ya kufurahi, anasikitika. Aona nidhamu imelegea na watu wamekuwa kama kundi lisilo na mchungaji. Basi anaazimia kuwajengea Wajapani daraja lililo bora kuliko lile ambalo wao wenyewe wangeweza kulijenga, ili askari wake wapate kujiheshimu tena. Makomando wa Kiingereza wanatumwa kulilipua; Nicholson mwenyewe ndiye anayeuona waya wa baruti mtoni na kuwafichua. Akitambua alilolitenda amekwisha jeruhiwa, na mwili wake unaangukia kitasa cha kulipulia. Daraja lapasuka, gari moshi linatumbukia. Habari za Mmarekani Shears na safari ya makomando msituni naziacha; nadhani zimetiwa ili watazamaji wa Marekani wapate mtu wao, nazo zimeimeza sehemu kubwa ya picha. Katika kitabu cha Boulle daraja halivunjiki, na huo, kwa maoni yangu, ni mwisho wenye akili zaidi.

Sasa na tukitazame kile kijitabu. Kifungu anachokishika Nicholson ni cha 27 cha Mapatano ya Geneva ya mwaka 1929. Ni kweli chasema kwamba mateka walio wazima wa mwili waweza kutiwa kazini, isipokuwa maafisa. Lakini kijitabu hakikuishia hapo. Kifungu cha 29 chakataza kumpa mateka kazi ambayo mwili wake hauiwezi. Cha 31 chasema kwamba kazi za mateka zisiwe na uhusiano wa moja kwa moja na shughuli za vita, wala mateka wasitumiwe kutengeneza au kuchukua silaha na risasi, wala kuchukua vitu vinavyopelekwa kwa majeshi yanayopigana. Cha 32 chakataza kazi zenye kudhuru afya na zenye hatari.

Je, reli ile ilikuwa ya nini? Majeshi ya Japani yaliyoingia Burma mwaka 1942 yalikuwa yakipata vyakula na risasi kwa merikebu zilizozunguka Singapore na kupita mlango wa bahari wa Malaka, na njia ile ilikuwa katika hatari ya kuzamishwa na nyambizi za adui. Ndiyo sababu ilikatwa njia ya nchi kavu, kilomita 415, kutoka Thailand kupita milimani mpaka Thanbyuzayat katika Burma. Hakuna aliyeijenga ili kupeleka mpunga sokoni. Ilikuwa kiwanda cha vita kilicholazwa chini kwa urefu. Kwa hiyo, kwa kifungu cha 31, si Nicholson na maafisa wake tu ambao hawakupaswa kuinua jembe. Hata askari wa mwisho katika safu hakupaswa kubeba kikapu kimoja cha udongo.

Nicholson ana kitabu mkononi, ajua kifungu cha 27 kwa moyo, naye akomea hapo. Katika picha nzima hakuna mtu anayefunua ukurasa wa pili. Daktari Clipton, ambaye ndiye mwenye macho kuliko wote, anamwuliza kama kuwajengea adui daraja zuri hivi haiwezi kuhesabiwa kuwa ni usaliti. Nicholson amjibu kwamba wao ni mateka, na mateka hana haki ya kukataa kazi. Jibu hilo linakanushwa na kijitabu kile kile alichopigwa nacho usoni! Kama Lean angalitaka tumwone Nicholson kuwa ni mtu asomaye sheria nusu nusu, angalimpa mtu mmoja neno la kulisema. Hakumpa. Ndipo mtazamaji anapotoka akidhani ya kuwa sheria nzima ya mateka ni hiyo: afisa asishike jembe. Ugomvi wa saa nzima ya kwanza, ugomvi uliochezwa kwa ustadi mkubwa, ni ugomvi wa nani atasimama na nani atainama. Kazi yenyewe ni ya namna gani, na ni kwa ajili ya nani, halikuulizwa.

Kwa haki ya Saito niseme jambo moja. Japani ilikuwa imetia sahihi mapatano yale lakini haikuyathibitisha. Mwaka 1942 ilisema itayafuata kwa kuyabadili panapohitajiwa. Twajua mabadiliko hayo yalivyokuwa. Walakini mwenye kumtetea Saito angepata neno la kusema kisheria, na picha ingekuwa na hoja kali zaidi kama angelisema. Picha imemfanya mtu wa kufoka na kulia.

Ziko sehemu mbili katika picha ambazo nimezirudia mara nyingi. Ya kwanza ni pale injinia wa Nicholson anapomwambia kwamba miti ya msitu ule yafanana na miti iliyotumiwa katika daraja la kale la London, lililodumu miaka 600. Nicholson anayarudia maneno hayo kama mtu aliyeonyeshwa hazina. Mtu aliyepata kujenga nyumba yake mwenyewe, au kupanda mnazi akijua wajukuu ndio watakaouangua, ataelewa uso ule. Hapo picha inasema kweli. Kazi njema ina utamu wake, na utamu huo haumwulizi mtu ni nani atakayeimiliki kazi ikiisha. Sisi waalimu twalijua jambo hili kuliko wengi, maana kila siku twawaambia watoto wafanye kazi kwa bidii, na mara chache tu twawaambia waulize ni kazi ya nini. Wazee walisema kazi mbi si mchezo mwema. Ni methali nzuri kwa mvivu. Kwa mtu aliye kifungoni yahitaji kupimwa tena.

Ya pili ni pale siku zinapokaribia kwisha na watu hawatoshi. Nicholson ameshawaomba maafisa wake washike kazi za mikono, nao wamekubali. Yaani kile kifungu cha 27 ambacho alikaribia kukifia katika kibanda cha mabati, sasa amekitupa mwenyewe kwa hiari. Halafu anaingia hospitalini. Hapigi mtu, hapazi sauti. Apita kitanda kwa kitanda na kuwauliza wagonjwa kwa upole kama hawangependa kutoka kidogo, wafanye kazi nyepesi nyepesi, na wagonjwa wanainuka wakichechemea. Saito alipotaka kuwatoa wagonjwa tulimchukia. Nicholson anawatoa, na wengine katika watazamaji hucheka. Kama ningeambiwa nichague sehemu moja tu ya kuwaonyesha vijana, ningechagua hii, kwa sababu humo shuruti imevua kofia yake na kuingia kwa lugha ya heshima. Hapo Lean na Guinness wameona mbali sana. Tena, kama wangalikuwa na kifungu cha 29 karibu, wangeona mbali zaidi.

Tukiacha picha na kuja kwenye mambo yenyewe, aliyekuwa mkuu wa mateka katika kambi ya Tamarkan, penye daraja la kweli, ni Luteni Kanali Philip Toosey. Yeye hakuwa Nicholson. Alishika nidhamu na usafi kwa nguvu, maana aliona kwamba kambi isiyo na utaratibu ni kambi ya mauti. Aligombana na Wajapani juu ya chakula na wagonjwa, naye alipigwa kwa ajili hiyo. Watu wake nao waliharibu kazi kila walipoweza: waliokota mchwa na kuwatia katika mbao, wakachanganya saruji vibaya. Dawa na fedha zilipenyezwa kwa siri na mfanyabiashara wa Kithai, Boonpong Sirivejjabhandu, ambaye angeuawa kama angalishikwa. Madaraja yalijengwa mawili, la mbao na la chuma, yote katika mwaka 1943, nayo yaliangushwa na mabomu ya ndege, hapakuja komando yeyote. Wala mainjinia wa Japani hawakuwa wajinga wa kufundishwa ujenzi na mateka wao. Wao ndio walioipima njia na kuyachora madaraja. Boulle mwenyewe alieleza kwamba Nicholson alimtoa katika maafisa wa Kifaransa aliowajua, waliokubali kumtumikia adui. Kwa hiyo mateka wengi waliorudi Uingereza waliichukia picha ile. Si ajabu. Mtu aliyeharibu daraja kwa mchwa, kwa hatari ya shingo yake, hapendi kuambiwa ulimwengu mzima kwamba alilijenga kwa fahari.

Nao walichukizwa na miili. Askari wa picha wana viatu vilivyochanika, lakini wana vifua. Ilivyokuwa kweli ni hivi. Mwanzoni mwa 1943 Wajapani walizidisha haraka, kazi ikawa usiku na mchana. Mahali paitwapo Hellfire Pass, yaani Njia ya Moto wa Jehanamu, mwamba ulipasuliwa kwa mikono: mmoja hushika tindo la chuma, mwenzake hupiga kwa nyundo, mpaka tundu liingie baruti, kisha mawe huondolewa kwa vikapu. Jina lenyewe lilitokana na mioto ya kumulika usiku na vivuli vya watu waliokonda mifupa. Mvua zilipoanza kikaja kipindupindu. Chakula kilikuwa wali mchache. Vidonda vya miguu vilikula nyama mpaka mfupa, na madaktari, kama yule Mwaustralia Edward Dunlop, walikata miguu kwa vyombo vya kubahatisha. Reli iliunganishwa mwezi wa Oktoba 1943. Katika mateka zaidi ya 60,000, Waingereza, Waholanzi, Waaustralia na Wamarekani wachache, walikufa zaidi ya 12,000.

Hesabu hiyo ndiyo huandikwa kila mahali, nayo yanileta kwenye upungufu mkubwa kuliko yote niliyoyataja. Mateka hao walikuwa sehemu ndogo ya watu waliojenga reli ile. Waliobaki, ambao hukadiriwa kupita 180,000, walikuwa watu wa Asia: Watamili wa Malaya, Waburma, Wajava, Wamalai, Wachina. Wajapani waliwaita romusha. Walikufa wangapi hakuna aliyewahesabu vema. Makadirio mengi husema kama 90,000. Yaani kwa kila mateka aliyezikwa, walizikwa, au hawakuzikwa, watu wa Asia kama saba. Katika picha ya Lean hawamo. Watu wa Asia tunaowaona humo, mbali na Wajapani, ni wanavijiji wachache na wasichana warembo wa Siam wanaowachukulia makomando mizigo yao. Picha ya saa mbili na zaidi juu ya reli ile, wala hapiti romusha mmoja, hata kwa mbali, hata akiwa na kikapu kichwani!

Watu hawa walipatikanaje? Wengine waliahidiwa mshahara mzuri na kazi ya miezi michache, wakaja na wake na watoto. Ahadi zilipokwisha nguvu, wakakamatwa. Imeandikwa kwamba huko Malaya palitangazwa sinema za bure, na ukumbi ulipojaa milango ikafungwa, vijana wakapakiwa katika magari moshi. Nalisoma jambo hilo nikaliweka kitabu chini kwa muda, nikiifikiria sinema hii yenye tuzo saba. Walipofika msituni hali yao ilikuwa mbaya kuliko ya mateka, na sababu yake yaeleweka. Mateka walikuwa jeshi. Walikuwa na wakubwa wao, madaktari wao, na amri ya kuchemsha maji na kuchimba vyoo. Romusha walikuwa watu waliookotwa huku na huku, lugha mbalimbali, hawana daktari, hawana msemaji. Kipindupindu kilipoingia kambini mwao kilifagia. Katika hili fikira ya Nicholson, kwamba utaratibu huokoa roho, ni kweli kabisa. Lakini ushahidi wake mkubwa ni watu ambao picha yake haikuwaonyesha. Tena hawakuwa na kijitabu. Mapatano ya 1929 yaliandikwa kwa ajili ya askari waliotekwa, nao hawakuwa askari. Hapakuwa na kifungu cha 27 wala cha 31 cha kumwonyesha Saito. Tumezoea kusema ndovu wakipigana ziumiazo ni nyasi. Lean ametuonyesha ndovu kwa uzuri usio na kifani, na nyasi amezikata kabla hajafungua kamera.

Mwenye kumtetea atasema mwandishi hawezi kutia kila kitu. Naam, hawezi. Lakini Boulle alikuwa ameishi Malaya. Tangu 1936 alifanya kazi katika mashamba ya mpira ya Waingereza, na mashamba yale yaligemwa na Watamili. Baada ya Japani kuiteka nchi, mpira haukuwa na soko, na kutoka katika mistari ya nyumba za mashamba kama yale ndiko walikochukuliwa wengi waliokwenda kufa relini. Aliwajua. Na Lean aliipiga picha yake katika kisiwa cha Ceylon, penye Watamili tele.

Wala sisi wa Afrika Mashariki tusidhani jambo hili ni la ng'ambo tu. Kuanguka kwa Malaya kulifanya Waingereza wakose mpira, nao wakafufua mashamba ya zamani ya mpira ya Tanganyika, na watu wakachukuliwa kwa sheria ya vita wakagema, kama wengine walivyochukuliwa kukata mkonge. Haikuwa reli ya Burma, na kuyalinganisha mauti ni kuwakosea wafu. Lakini ni shuruti iliyozaliwa na siku ile ile moja, na waliochukuliwa huku nao hawana picha. Jambo jingine latugusa karibu zaidi. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, iliteremka bonde la Kabaw katika Burma kati ya matope na malaria, ikapigana mpaka Kalewa. Wajapani waliowapiga risasi walikuwa wa jeshi lile ambalo reli ilikatwa ili kulilisha. Kwa hiyo Nicholson anapolipiga daraja lake kofi kwa furaha na kutamani lidumu miaka 600, nawafikiria wazee waliorudi vijijini kwetu kutoka Burma, na wale ambao hawakurudi. Clipton aliuliza kama kazi ile ni usaliti kwa mfalme. Angaliweza kuuliza tu ni nani atakayekufa kwa ajili yake.

Baada ya Lean wametokea wengine. Eric Lomax, aliyepigwa na kuteswa Kanchanaburi kwa sababu ya redio ya siri, aliandika The Railway Man mwaka 1995, akaeleza alivyokutana tena na Nagase Takashi, mkalimani aliyekuwapo katika mateso yake. Richard Flanagan, ambaye baba yake alikuwa mateka relini, alitoa The Narrow Road to the Deep North mwaka 2013, na mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Booker. Vyote viwili vimeirudisha miili ile iliyokonda ambayo Lean aliivisha nyama, na ajuaye Kiingereza afadhali avisome. Katika hivyo pia romusha hupita pembeni zaidi ya kukaa katikati. Kitabu chao kikubwa, kilichoandikwa na mmoja wao na kusomwa dunia nzima kama vile, sijakiona.

Namshauri mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi picha hii asiwanyime. Ni kazi ya bwana fundi. Ila kabla ya kuiwasha awasomee vifungu vile vinne kwa Kiswahili, cha 27, cha 29, cha 31 na cha 32, kisha awaache wahesabu wenyewe ni mara ngapi vinavunjwa na ni mara ngapi mtu wa picha anasema neno. Na ikifika sehemu ya hospitali, aisimamishe kidogo.

Picha yenyewe imekwisha kuibadili hata nchi. Daraja la Tamarkan halikuwa juu ya mto Kwai. Lilivuka mto ulioitwa Mae Klong. Boulle hakupata kuliona, akalipa jina la mto wa jirani. Wageni walipoanza kumiminika kulitafuta daraja la sinema, wenye nchi wakaubadili jina mto wao mwaka 1960, ukaitwa Khwae Yai, na watalii wakaridhika. Katika picha, Nicholson anapigilia kibao darajani cha kusema kwamba lilijengwa na askari wa Uingereza. Karibu na daraja la kweli kuna mnara wa mawe uliojengwa mwaka 1944 na wanajeshi wa Japani wa reli hiyo hiyo, kuwakumbuka waliokufa kazini mwao. Umeandikwa kwa lugha kadha, na katika lugha hizo zimo Kitamili na Kimalai.